Mfupa Mnene Si Mfupa Imara: Somo kwa Kamati za Maji

Katika somo la robo hii tunazungumzia mfupa. Tumeuchagua kwa sababu maombi mengi ya miradi yanayotufikia kutoka parokia za Shinyanga na Geita ni ya visima virefu, na machache tu ndiyo yanayotaja kipimo cha floraidi.

Mfupa si jiwe. Kila siku seli za aina moja huula kidogo kidogo na seli za aina nyingine huujenga upya. Unapoliwa, protini za ukuaji zilizohifadhiwa ndani yake hutoka na kushika vipokezi vilivyo juu ya seli za ujenzi. Ndani ya seli, taarifa hupokezanwa kwa kubandika fosfeti kwenye protini moja baada ya nyingine, mithili ya mbiu ya mgambo ipigwayo kutoka kitongoji hadi kitongoji. Seli husikia, huongezeka na kujenga. Vipo pia vimeng'enya vinavyobandua fosfeti hizo ili mbiu inyamaze. Mtu anapozeeka, hasa mwanamke aliyekoma hedhi, ulaji hushinda ujenzi, mifupa huwa myepesi na huvunjika kwa kuanguka kidogo tu. Ugonjwa huo ndio osteoporosisi.

Floraidi inaingiaje hapa? Mwaka 1983 watafiti wa Marekani, Farley, Wergedal na Baylink, walionyesha kuwa floraidi huzichochea moja kwa moja seli zinazojenga mfupa. Maelezo yaliyotolewa baadaye ni kwamba huzuia kimeng'enya cha kubandua fosfeti, hivyo mbiu ya protini za ukuaji hulia muda mrefu kuliko kawaida. Ilionekana kama dawa imepatikana. Lakini mwaka 1990 Riggs na wenzake wa Mayo Clinic walichapisha matokeo ya wanawake 202 wenye osteoporosisi, waliofuatiliwa kwa miaka 4. Waliopewa miligramu 75 za sodiamu floraidi kwa siku waliongezeka madini ya mfupa wa kiuno kwa asilimia 35. Hata hivyo kuvunjika kwa pingili hakukupungua kwa kiasi cha kuaminika, na mivunjiko ya mifupa mingine ilikuwa 72, dhidi ya 24 kwa wasiopewa. Mfupa ulikuwa mwingi, lakini ulijengwa ovyo.

Turudi nyumbani. Shinyanga ni miongoni mwa mikoa yenye floraidi nyingi katika maji ya ardhini, pamoja na Arusha na Singida, na Kishapu inafahamika kwa tatizo hili. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na maji mengine. Sasa fanyeni hesabu nasi. Miligramu 75 za dawa ile zina floraidi tupu takriban 34. Mchimbaji mdogo anayefanya kazi juani na kunywa lita 4 kwa siku, kama kisima chake kina miligramu 8, anapata 32. Ni karibu dozi ile ile, bila daktari, na watoto wake wanakunywa maji hayo hayo wakati mifupa yao ingali inakua. Meno ya kahawia ni dalili ya mapema. Matege na mgongo uliokakamaa huja baadaye, na haviponi. Kiwango cha taifa kilishushwa baadaye hadi 4, na mwaka 2018 hadi 1.5.

Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, yanayobaki huwa na floraidi zaidi. Magadi ya kulainishia maharage nayo mara nyingi huwa na floraidi. Maji ya mvua ni salama kwa upande huu, na ya Ziwa Viktoria pia, yanayofika Kahama na Shinyanga kutoka Ihelele. Palipo na bomba hilo karibu, tunaona ni afadhali fedha za kisima zilipie kuunganishwa. Wafadhili wetu wanapenda kuhesabu visima, nasi tunawaelewa, lakini kisima kisichopimwa tusingependa kukihesabu.

Kwa hiyo ombi la kisima liwe na fungu la kupima sampuli katika maabara ya Wizara ya Maji kabla pampu haijafungwa. Kwa Geita ombeni na kipimo cha aseniki, maana mara nyingi huambatana na mwamba wa dhahabu.

Pasipo na chanzo kingine upo mchujo wa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliochunguzwa kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, Arusha. Madini yale yale yanayonasa floraidi mwilini mwetu huinasa ndani ya chujio. Mifupa ichomwe na fundi anayejua joto lake, la sivyo maji yatanuka na akina mama watarudi kwenye kisima cha zamani. Waumini waulizwe mapema kama wataridhia kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa. Na mkaa ukishajaa hauchuji tena, hivyo kamati iwe na mtu wa kupima maji yanayotoka na fedha ya kuubadilisha.