Motere ya mazutu kwa kigari cha ushirika: pimeni mlima kwanza

Ndugu wanachama, mkitaka kujenga kigari cha kutoa mahindi shambani mpaka sokoni Kolwezi, msianze na bei ya motere. Anzeni na mlima mkali kupita yote ya njia yenu.

Tuseme kigari pamoja na mzigo ni kilo 1500, na mlima unapanda mita 10 kwa kila mita 100 za njia. Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, mtahitaji karibu nguvu za farasi 8.

Lakini Kolwezi iko zaidi ya mita 1400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi: motere isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 kwa kila mita 100. Motere ya farasi 12 inabakia na kama 10. Hiyo inatosha. Ya farasi 6 itakwama mlimani na mahindi yenu. Ya farasi 22 ni nzito, inatikisa na kupasua shasi nyepesi, na pesa ya ushirika inapotea bure.

Mbele ya kulipa, ulizeni mafundi: piesi zake zinapatikana hapa? Na msisahau freni nzuri: mzigo uliopanda utashuka pia.