Starta ya Land Rover ya Zamani: Maswali na Majibu

Je, starta kongwe ya gari la Kibaha au Kisarawe inastahili kufufuliwa?

Inastahili kabisa. Kibaha ni mji uliozoea magari, kwa kuwa Barabara ya Morogoro hupita humo, Shirika la magari la Nyumbu liko huko, na kiwanda cha TAMCO kiliunganisha malori ya Scania. Kisarawe nayo, pamoja na njia zake za vumbi za kuelekea vijijini, ni nchi inayolifaa gari la aina ya Land Rover za awali, zilizotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1985. Starta zake za Lucas ni mota nzito zinazofunguka zote, tofauti na nyingi za bei nafuu zinazouzwa leo, na kuzipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ni hasara.

Ndani yake mna nini?

Mna amecha, yaani mhimili uliosukwa nyaya nene za shaba; fildi koili, ambazo ni nyaya zinazozunguka vyuma vya ganda na kuvifanya sumaku; komuteta, yaani pete ya vipande vya shaba iliyo mwishoni mwa amecha; na brashi za kaboni zinazoufikisha umeme kwenye pete hiyo. Bendeksi ni gia ndogo inayoruka mbele mhimili unapoanza kuzunguka, ikang'ata meno ya flaiwili, yaani gurudumu zito la injini, kisha ikarudi nyuma injini ikishawaka.

Ikigoma, ifunguliwe mara moja?

Hapana, kwani mara nyingi kosa liko nje yake. Starta huvuta zaidi ya ampea 100, na kwa mkondo mkubwa kiasi hicho hata kutu kidogo kwenye waya wa ethi (unaounganisha betri na mwili wa gari), jambo la kawaida baada ya masika, hutosha kuinyima nguvu. Fundi apime kwa mita, starta ikiwa inasukuma, kati ya tamino hasi ya betri na mwili wa injini, kwenye gari lenye ethi hasi. Volti ikizidi 0.5, waya usafishwe kwanza. Mota ikilia kwa kasi huku injini imetulia, bendeksi imekwama kwa vumbi, nayo huoshwa kwa mafuta ya taa na kuachwa kavu, kwa sababu oili hukusanya vumbi jingine.

Kosa gani huharibu starta nyingi?

Ni kuitendea kama dainamo, ile mashine inayochaji betri. Kwenye dainamo, fundi huchimba utando wa ulanga unaotenganisha vipande vya komuteta ili ushuke chini ya shaba. Kwenye starta hizi za Lucas mtengenezaji alikataza jambo hilo. Komuteta ikerezwe kidogo tu hadi ing'ae, isuguliwe kwa msasa laini, na ulanga uachwe sawa na shaba.

Amecha hupimwaje, na bushi hufungwaje?

Amecha hulazwa juu ya sumaku ya umeme yenye umbo la V, inayolishwa umeme wa TANESCO, kisha huzungushwa polepole huku wembe wa msumeno wa chuma ukishikwa juu yake. Mahali wembe unapotetemeka na kunguruma, nyaya zimegusana, na amecha hiyo isukwe upya. Bushi za shaba nyeusi zenye vinyweleo huloweshwa katika oili safi ya injini kwa saa 24 kabla ya kugongwa mahali pake. Bushi iliyolika isidharauliwe, kwa kuwa huiacha amecha ikwaruze vyuma vya sumaku, na hapo hata kazi nzuri ya kusuka hupotea.

Gari lenye ethi chanya likigeuzwa kuwa ethi hasi, starta itazunguka kinyume?

Haitazunguka kinyume. Land Rover za kabla ya 1967 hivi zilifungwa kwa ethi chanya, lakini katika starta hizi umeme uleule hupita kwenye fildi koili na kwenye amecha, hivyo pande zote mbili hugeuka pamoja na mota huendelea kuzunguka upande wake wa awali. Kinachohitaji kushughulikiwa kabla ya gari kuwashwa ni dainamo, ambayo sumaku yake lazima ielekezwe upya.