Udongo wa Kirinyaga: Kutoka Chai ya Mlimani Hadi Mpunga wa Mwea

Kwa nini kaunti moja ina udongo unaotofautiana kiasi hicho?

Kaunti ya Kirinyaga iko upande wa kusini wa Mlima Kenya, wenye kilele cha mita 5199, na ardhi yake huteremka hadi uwanda wa Mwea ulio kwenye mwinuko wa mita 1100 hadi 1200 hivi. Sehemu kubwa ya udongo wake, mwekundu na mweusi pia, asili yake ni miamba ya volkano, na kilichoutenganisha zaidi ni mwendo wa maji. Penye mteremko na mvua nyingi, maji hupenya chini na kuchukua kalsiamu, magnesi na silika, yakiacha nyuma madini ya chuma yanayoupa udongo wekundu wake. Penye tambarare maji hukawia kuondoka, madini yaliyosombwa kutoka juu hurundikana, na hapo hufanyika mfinyanzi mweusi wenye tabia ya kuvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka.

Chai inapata nini karibu na msitu?

Inapata tindikali, ambayo mazao mengi huiepuka. Sehemu za juu zina andosoli, yaani udongo wa majivu ya volkano, mwepesi na wenye mboji nyingi, ukifuatwa na udongo mwekundu uliochujwa na mvua kwa karne nyingi. Mchai hustawi pale ambapo pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho namba yake hupungua kadiri ukali unavyoongezeka, iko kati ya 4.5 na 5.5. Kwa hiyo mkulima anayemwaga chokaa katika shamba la chai kwa kuwa jirani yake wa bondeni amefanya hivyo kwenye mahindi, huidhuru mimea yake mwenyewe.

Na kahawa?

Ukanda wa kahawa, unaozunguka miji kama Kerugoya, umekaa juu ya nitisoli, udongo mwekundu wa mfinyanzi ambao, tofauti na mfinyanzi mwingi, humeguka kwa urahisi na kupitisha maji vizuri. Kina chake mara nyingi huzidi mita moja na nusu, na ndiyo sababu mkahawa hupata unyevu chini hata mvua za Machi hadi Mei zinapokwisha na zile za Oktoba hadi Desemba hazijafika. Migomba, makadamia, mahindi, maharagwe na mabingobingo ya kulisha ng'ombe wa maziwa hunufaika na sifa hiyo hiyo.

Kasoro yake ni kwamba chuma na alumini hushikilia fosforasi kwa nguvu, hata mizizi ikaikosa ilhali imo udongoni. Wakulima wengi hujibu upungufu huo kwa mbolea ya fosfeti iitwayo DAP kila msimu, lakini amonia iliyomo katika mbolea hiyo, inapogeuzwa na bakteria kuwa naitreti, huongeza tindikali, na tindikali ikizidi fosforasi hufungwa zaidi. Hili ni kosa la gharama kubwa, kwa kuwa mkulima hununua mbolea na kulipia pia udhaifu wa ardhi yake. Samadi iliyooza vizuri, na chokaa ya kilimo pale vipimo vinapoihitaji, husaidia kuikwamua fosforasi hiyo.

Kwa nini mpunga ukapelekwa Mwea, ambako mvua ni haba?

Kwa sababu ya vatisoli, udongo mweusi ambao Wakenya huuita udongo wa pamba. Ukikauka hupasuka nyufa pana na za kina. Ukilowa huvimba, nyufa zikaziba, na maji yakashindwa kupenya. Tabia hiyo, inayopasua kuta za nyumba na kukwamisha magari, ndiyo inayofaa jaruba, yaani kipande cha shamba kilichozungushiwa kingo ili kituamishe maji. Mradi wa umwagiliaji wa Mwea ulianzishwa katika miaka ya 1950 kwa kazi ya watu waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari ya kikoloni, jambo lisilopaswa kusahaulika mchele wa pishori unaposifiwa, na hutegemea mito ya Thiba na Nyamindi.

Chini ya maji udongo hukosa oksijeni na kemia yake hubadilika: pH husogea kuelekea 7, fosforasi huachiliwa, lakini naitreti hugeuka gesi na kupotea hewani. Ndiyo maana mbolea zenye amonia, kama salfeti ya amonia, huufaa mpunga kuliko zile za naitreti. Zinki nayo huadimika katika udongo uliofurika, na upungufu wake huonekana katika miche iliyodumaa yenye madoa ya kahawia kwenye majani.

Je, uwanda wote ni wa mpunga?

La. Kwenye miinuko ya udongo mwekundu, maji hayatuami, na hapo hulimwa nyanya na mishiri, yaani maharagwe machanga yanayouzwa hasa nje ya nchi.

Mkulima aanzie wapi?

Aanze kwa kupima udongo. Achukue sampuli sehemu kadhaa za shamba, kwa kina cha sentimita 20 kwa mazao ya msimu, akiepuka palipolundikwa samadi au kuchomwa takataka, azichanganye katika ndoo safi na kupeleka sehemu yake maabara, kama ile ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, iliyoko Kabete. Udongo mweusi na mwekundu usichanganywe katika sampuli moja hata ukiwa ndani ya ua mmoja, kwa maana majibu yatakayotoka hayatafaa upande wowote.