Dondoo muhimu: Programu ya simu kwa mfanyabiashara safarini

Mchuuzi anayetoka Kibera au Kawangware alfajiri kwenda masoko ya Marikiti au Gikomba, Nairobi, anahitaji programu nyepesi ya malipo, si yenye madoido.

1. Punguza uzito wa programu. Utaambiwa simujanja zimeenea. Ni kweli, lakini kuwa na simu si kuwa na bando, wala nafasi ya kuhifadhi. Huduma ya pesa ya M-Pesa ilianza mwaka 2007 kwenye simu za kawaida, bila intaneti, ndiyo maana hata mwenye kabambe (simu ya vitufe) aliweza kuitumia.
2. Mtandao ukikatika, hifadhi alichokwisha kujaza mtumiaji, usimrudishe mwanzo.
3. Onyesha jina la mpokeaji na ada kabla ya kuomba namba ya siri.
4. Ficha salio: kwenye matatu, jirani huona.
5. Ijaribu juani, kwa mkono mmoja.