Magonjwa ya Ngozi Tunayoyaona Bwenini

Bwana Mhariri aliponiomba niandike juu ya magonjwa ya ngozi, wenzangu walicheka, kwa maana hakuna asiyejua habari ya shati langu la mikono mirefu. Basi nitaanza na shati hilo, kisha nitaeleza niliyojifunza kwa Sista wa dispensari yetu na katika vitabu alivyoniazima.

Mwaka jana, katika muhula wa pili, nilitokewa na baka la mviringo mkononi, juu kidogo ya kiwiko. Bibi yangu alipata kunisimulia habari za baba yake mdogo aliyepelekwa Bwama, kisiwa cha Ziwa Bunyonyi ambako Daktari Leonard Sharp alianzisha makazi ya wenye ukoma mwaka 1931. Mara nilipoliona baka lile nikakata shauri kwamba nami nimepatwa. Nikawa navaa mikono mirefu hata mchana wa jua kali, na kuoga wenzangu wakiwa wamelala.

Siku ya ruhusa nilikwenda mjini nikanunua tyubu ya dawa ya kupaka, ambayo mwenye duka aliisifu kuwa huponya kila kitu cha ngozi. Siku za kwanza nilifurahi sana, kwani mwasho ulikoma na wekundu ukafifia. Lakini baada ya wiki tatu baka lilikuwa limepanuka, kingo zake hazionekani vizuri, na jingine limetokea shingoni ambapo kola haikuweza kulificha. Hapo sikuwa na budi kwenda dispensari.

"Tangu lini, mwanangu?" aliniuliza Sista.

"Tangu muhula ulipoanza, Sista."

Hakunikemea. Aliniambia nifumbe macho, akachukua pamba kidogo, akanigusagusa mkono na kunitaka nionyeshe kwa kidole kila nilipoguswa. Nilionyesha pote, hata katikati ya baka. Kisha akapapasa mshipa wa fahamu ulio nyuma ya kiwiko, kuona kama umevimba. Alipomaliza akasema, "Hiki ni choa. Nionyeshe hiyo dawa unayojipaka."

Ndugu wasomaji, tofauti yenyewe ndiyo hii. Baka la ukoma hupungua rangi au huwa jekundu, tena kwa kawaida haliwashi wala haliumi, na mara nyingi halina hisi, kwa kuwa vijidudu vyake, ambavyo Hansen wa Norway aliviona mwaka 1873, hushambulia mishipa ya fahamu. Choa huwasha. Huletwa na kuvu, nacho hutambaa kwa duara, katikati pakipona na ukingoni pakizidi. Jambo linalonishangaza ni kwamba kinachowasha twakikimbilia dawa, na kile kisichosumbua, ambacho huenda kikawa kibaya zaidi, twakiacha miaka.

Na hata kama ningekuwa na ukoma, nisingekuwa na sababu ya kujificha. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza utumie dawa kadhaa kwa pamoja. Mwenye mabaka yasiyozidi 5 kwa kawaida humeza dawa miezi 6, aliyezidiwa miezi 12, wala halipi kitu. Akisha kuanza dawa, haupiti muda mrefu kabla hajaacha kuambukiza. Daktari Wanda Błeńska kutoka Poland, aliyeanza kazi katika hospitali ya Buluba mwaka 1951 akakaa zaidi ya miaka 40, alikuwa akiwagusa wagonjwa kwa mikono mitupu ili watu waache hofu.

Ile tyubu ya dukani ilikuwa na steroidi. Dawa hiyo ina kazi yake kwa wenye ukurutu, ikiamriwa na daktari, lakini kwa choa hutuliza mapigano ya mwili huku kuvu ikila kwa raha. Sista alinipa klotrimazoli nipake mara 2 kwa siku, nisiache hata baka likipotea, bali niendelee wiki 2 zaidi. Mapunye ya kichwani ni habari nyingine, kwani dawa ya kupaka haifiki kwenye mizizi ya nywele. Mgonjwa humeza griseofulvini kwa wiki 6 au 8, na afadhali aimeze pamoja na chakula chenye mafuta.

Sasa upele, ambao sisi wa bwenini twaujua kuliko masomo yetu. Huletwa na kidudu kidogo mno, jamaa ya kupe. Jike hutoboa njia katika ngozi, hasa kati ya vidole, vifundoni na kiunoni, akitaga mayai 2 au 3 kila siku. Mtu anayeupata mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuwashwa, hali yule aliyepata kuugua zamani huwashwa baada ya siku chache tu. Kwa hiyo anayeanza kujikuna si lazima awe ndiye aliyeuleta. Nalisema hili kwa aibu, kwa kuwa tulimtenga mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza muhula mzima kwa kosa hilo, na mimi nilikuwamo.

Dawa yake ni benzili benzoeti ya asilimia 25, au permetrini ya asilimia 5, inayopakwa toka shingoni hadi nyayoni, na chini ya kucha pia. Bweni zima lipake jioni moja, hata wasiowashwa, na wiki moja baadaye warudie. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Yasiyofulika yafungwe guniani siku zisizopungua 3, kwani kidudu hakiishi sana mbali na ngozi. Mwasho huweza kuendelea wiki 2 hadi 4 baada ya kupona, basi msijipake tena na tena, wala msiguse mafuta ya taa, yanayochubua ngozi bure.

Chunjua huletwa na virusi, na nyingi huondoka zenyewe. Asidi ya salisili huziharakisha. Kuzikata kwa wembe huzitawanya. Lakini uvimbe au doa linalokua, kubadilika rangi, kutoka damu au kukataa kupona, lionyeshwe kwa daktari. Sisi weusi tutazame hasa nyayo na chini ya kucha. Bob Marley alidhani kidole chake cha mguu kimeumizwa na mpira. Mwaka 1977 ilijulikana kuwa ni saratani, naye akafa mwaka 1981, umri wake miaka 36.

Choa changu kilipona kabla ya mtihani. Yule mdogo wetu wa Kidato cha Kwanza nilimwomba radhi siku nilipomaliza kusoma habari za upele, naye akaniuliza kama ningeweza kumwazima kitabu.