Mtoto akiuliza swali la sayansi, usimwachie simu peke yake

Jioni moja mama mmoja alifika katika kliniki yangu akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka 10. Kijana alikuwa akikohoa mfululizo, macho yamemwiva, machozi yanamtiririka, na kila alipovuta pumzi kifua kilitoa mluzi. Nilimwekea oksijeni, nikampa dawa ya kupanua njia za hewa, kisha nikampeleka hospitali alazwe usiku huo ili achunguzwe zaidi. Kwa bahati nzuri alipona.

Nilipomhoji kwa upole, alinisimulia yote. Alikuwa amemwona mama yake akisafisha choo, akataka kujua kwa nini dawa ile hutoa povu inapomwagwa. Akauliza. Mama, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kazini na sufuria iko motoni, alimpa simu na kumwambia, "Haya, uliza huko." Kijana akapata video fupi ya mtu anayechanganya vitu vya nyumbani hadi povu linafurika. Akaingia bafuni, akafunga mlango asimsumbue mtu, akamimina katika ndoo moja dawa ya kung'arishia nguo na ile ya kusafishia choo.

Dawa nyingi za kung'arishia nguo nyeupe zina kemikali iitwayo hipokloraiti ya sodiamu. Kemikali hii ikikutana na asidi, ambayo imo katika dawa nyingi za choo na hata katika siki, hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo huunguza macho, koo na mapafu. Ndiyo gesi iliyotumiwa na majeshi ya Ujerumani kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Jambo hili likitokea nyumbani kwako, mtoe mtoto nje mara moja apate hewa safi. Kama macho yanawasha, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha mpeleke hospitali hata kama anaonekana kupata nafuu, kwani mapafu yanaweza kuvimba saa kadhaa baadaye.

Lakini leo sikukusudia kuandika kuhusu dawa za choo. Nataka kuandika kuhusu swali la yule kijana. Hakuwa mtundu. Aliuliza swali zuri sana, swali la mwanakemia. Kosa ni kwamba aliachwa peke yake na jibu.

Wazazi wa aina mbili

Katika kazi yangu hukutana na wazazi wa aina mbili. Wa kwanza humkabidhi mtoto simu ili wapate utulivu. Wa pili humnyima kabisa kwa kuhofia mambo machafu yaliyomo katika intaneti. Wote wawili wanamkosesha mtoto kitu kile kile, yaani mtu mzima wa kutafuta naye.

Isitoshe, kunyima hakuwezekani tena. Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa nchini mwaka 2019, watoto hurudi nyumbani na kazi za kutafiti, na mzazi hujikuta saa tatu za usiku akinunua bando au akikimbilia saiba kabla haijafungwa. Swali basi si kama mtoto atatafuta majibu katika intaneti. Atatafuta. Swali ni kama atajua kupepeta anachokipata, kama tunavyopepeta mchele kabla ya kuupika.

Mzazi afahamu kwamba mitambo ya utafutaji haijui kweli na uongo. Hupanga kurasa kwa kulinganisha maneno yaliyoandikwa, kuangalia umaarufu wa ukurasa na mambo mengine kama hayo, na mara nyingi zile za juu kabisa ni matangazo ya kulipiwa. Video fupi nazo hupangwa ili mtazamaji asiondoke, si ili aelimike. Hata programu za akili unde, ambazo watoto wetu wameshazizoea, huunda sentensi kwa kufuata mifumo ya maneno zilizojifunza. Mara nyingi husema kweli, lakini zikikosea hukosea kwa lugha ile ile laini, bila kusitasita. Mtoto hawezi kutambua tofauti.

Hatua tano za kutafuta pamoja

Hebu tuchukue swali ambalo nimeulizwa na watoto wengi: "Daktari, kwa nini mishipa ya mkononi ni ya buluu na damu ni nyekundu?"

Kwanza, muulize mtoto yeye anafikiri nini. Usiharakishe kushika simu. Wengi hujibu kwamba damu ndani ya mwili ni ya buluu na hugeuka nyekundu ikikutana na hewa. Mwache aandike wazo lake katika daftari. Akishaandika, anakuwa na kitu cha kupima, na hatameza tu jibu la kwanza atakaloliona.

Pili, lipunguzeni swali liwe maneno machache. Badala ya kuandika sentensi ndefu, chagueni maneno yenye uzito, yaani mishipa, damu, rangi, ngozi. Tafuteni kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kwa kuwa kurasa za sayansi zilizoandikwa kwa Kiswahili bado ni chache. Hapa mzazi ana kazi ya kutafsiri, na mtoto atajifunza maneno katika lugha mbili kwa wakati mmoja.

Tatu, ulizeni ni nani anayesema. Tazameni anwani ya ukurasa kabla ya kuusoma. Anwani inayoishia kwa .go.ke ni ya idara ya serikali yetu, .ac.ke ni ya chuo, na .sc.ke ni ya shule. Ile ya .com inaweza kununuliwa na mtu yeyote. Hiyo haimaanishi kwamba ni mbaya, ila inabidi kuuliza zaidi: mwandishi ana taaluma gani, aliandika lini, na je, anauza kitu? Anayekueleza ugonjwa katika aya ya kwanza na kukuuzia dawa yake katika aya ya pili, mpisheni apite.

Zipo tovuti zilizoandikwa kwa ajili ya watoto. Shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lina Space Place, iliyofunguliwa mwaka 1998. Kuhusu mwili na afya kuna KidsHealth. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, huweka masomo katika Kenya Education Cloud. Kwa Kiswahili, kipindi cha katuni cha Ubongo Kids, kilichoanza Tanzania mwaka 2014, hueleza hisabati na sayansi kwa namna ambayo hata mzazi atafurahia.

Nne, linganisheni majibu mawili au matatu. Katika swali letu la damu, mtakuta kurasa zinazosema damu ya ndani ni ya buluu na nyingine zinazokana. Hapo msikate tamaa, kwani elimu ndiyo kwanza inaanza. Mwulize mtoto: "Tutajuaje nani mkweli?"

Ukweli ni kwamba damu ya binadamu ni nyekundu wakati wote. Rangi hiyo hutoka kwa himoglobini, kitu chenye madini ya chuma kinachobeba oksijeni. Damu iliyojaa oksijeni ni nyekundu inayong'aa, na ile inayorudi moyoni baada ya kuitoa oksijeni ni nyekundu iliyokolea. Haigeuki buluu hata mara moja. Vitabu vya shule huchora mishipa inayorudi moyoni kwa buluu ili mwanafunzi aitofautishe tu na ile inayotoka moyoni, na huenda kosa la wengi limeanzia hapo.

Tano, jaribuni kwa njia salama. Mkumbushe mtoto siku alipotolewa damu mkononi kwa sindano hospitalini. Damu ile ilitoka katika mshipa ule ule unaoonekana wa buluu, ikapanda moja kwa moja ndani ya bomba bila kukutana na hewa ya nje, na ilikuwa nyekundu. Kisha zimeni taa, mziba tochi ya simu kwa ncha za vidole. Vidole vitang'aa kwa rangi nyekundu. Sababu ni kwamba mwanga mwekundu hupenya nyama kuliko mwanga wa buluu. Juu ya mshipa, mwanga mwekundu huzama na kufyonzwa na damu, na ule wa buluu hurudishwa na ngozi kabla haujafika mbali. Jicho likilinganisha na ngozi ya kando, huuona mshipa ni wa buluu au wa kijani.

Sasa mtoto arudi katika daftari lake aandike alichokuwa akifikiri na alichogundua. Kazi yote hiyo haizidi nusu saa.

Hata vitabu hukosea

Mfundishe mtoto pia kwamba kosa linaweza kuzeeka na kuheshimiwa. Wengi wetu tulifundishwa kwamba ncha ya ulimi huonja utamu, kando huonja chumvi na uchachu, na nyuma huonja uchungu. Ramani hiyo ilitokana na utafiti wa Mjerumani D. P. Hänig wa mwaka 1901. Hänig alipata tofauti ndogo tu za wepesi wa kuonja kati ya sehemu na sehemu, lakini waliomfuata walizikuza hadi zikawa mipaka. Hadi leo utaikuta ramani hiyo katika kurasa nyingi za intaneti.

Mtoto anaweza kuivunja mwenyewe mezani. Mpe sukari kidogo, chumvi, maji ya ndimu na chai ya rangi isiyo na sukari. Aguse kwa kijiko kidogo safi ncha ya ulimi, kisha kando, akisukutua kwa maji kila mara. Atagundua kwamba ladha zote husikika mbele na kando pia. Siku hiyo atajua kwamba hata jibu linalorudiwa na watu elfu moja linaweza kupimwa.

Sheria za nyumba

Kutokana na niliyoyaona kazini, naomba kila mzazi aweke sheria hizi na azieleze, si kuziamuru tu.

Hakuna kuchanganya, kuwasha, kumeza, kunusa wala kujipaka kitu chochote kilichoonyeshwa katika intaneti bila mtu mzima kuwepo. Dawa za usafi zikae juu, katika chupa zake zenyewe, wala si katika chupa za soda.

Maswali ya ugonjwa wa mtoto mwenyewe yaletwe kwa mzazi na kwa daktari. Intaneti inaweza kumweleza homa ni nini, lakini haiwezi kumgusa tumbo wala kumsikiliza kifua. Nimeona watoto waliokosa usingizi kwa kusoma kwamba kipele chao ni saratani.

Mtoto asiandike popote jina lake kamili, shule yake, mtaa anaokaa wala kutuma picha yake ili apewe jibu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya habari za mtoto kukusanywa, lakini sheria haikai sebuleni kwako. Akikutana na mtu anayemtisha au kumshawishi kwa mambo machafu, akuambie bila hofu ya kupigwa. Nambari ya bure ya kusaidia watoto ni 116.

Kwa walio wadogo zaidi, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na aliye chini ya hapo asiwekwe kabisa. Kwa hao, maswali yajibiwe kwa mdomo, kwa mchanga, kwa maji na kwa mdudu aliyeko ukutani.

"Sijui" si aibu

Wazazi wengi humfukuza mtoto kwa sababu wanaona haya kutojua. Mimi ni daktari, na mtoto akiniuliza kwa nini tunapiga miayo, jibu langu ni kwamba wanasayansi hawajakubaliana. Wapo wanaosema miayo hupoza ubongo, na wapo wanaosema huamsha mwili. Mtoto akisikia mtu mzima akisema "sijui, twende tukatafute," hujifunza jambo kubwa kuliko jibu lenyewe.

Yule kijana alirudi baada ya wiki moja nimkague kifua. Kilikuwa safi. Alikuwa amenyamaza, macho chini, nami nikaona alichopoteza. Alikuwa amejifunza kwamba kuuliza ni hatari. Nikamwomba mama alete, siku yoyote, beking pauda ile ya mandazi na ndimu moja. Tulivichanganya katika kikombe juu ya meza yangu, dirisha likiwa wazi. Povu likapanda. Nikamweleza kwamba ndimu ina asidi, na asidi ikikutana na magadi yaliyomo katika beking pauda hutoa gesi ya kaboni dioksidi, ile ile tunayoitoa tukipumua. Asidi ya dawa ya choo nayo hufanya vivyo hivyo inapogusa ukoga wa chokaa ulioganda chooni.

Alilitazama povu hadi likatulia. Kisha akamgeukia mama yake, si mimi wala simu, akamwuliza, "Na mandazi je, ndiyo maana yanaumuka?"

Mama akavuta kiti, akaketi.