Presha Ikishuka, Usiache Dawa

Jumapili iliyopita nilimpima mama mmoja presha: 178 kwa 104. Alikuwa ameacha dawa wiki tatu. "Dada, hospitali walinipima nikawa 124, nikajua nimepona."

Ile 124 ilitokana na vidonge. Ukiviacha presha hurudi kimya kimya, kichwa hakiumi, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo vikiumia. Kumeza dawa si kukosa imani. Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Dawa ikikuletea kikohozi au kuvimba miguu, usiitupe, mwambie daktari, zipo nyingine. Na mnaotaka kufunga, tuonane kwanza. Leo nipo na kipimo, meza ya karibu na chai.